Msiba wa Windows 10, Kama Ulivyofika Lisekese

Nasoma habari za teknolojia kwa Kiswahili kama wengine wanavyosoma magazeti ya michezo: kwanza kichwa cha habari, halafu picha, halafu bei, na habari yenyewe mwisho. Nilianza nikiwa sekondari, kwa simu ya mjomba wangu aliyokuwa ananiazima jioni akishaoga, na sijaacha. Sasa nasoma shahada ya umahiri ya fasihi Dar es Salaam, na utafiti wangu unanirudisha nyumbani kila baada ya miezi michache. Kwa hiyo habari hizo nazisomea sehemu mbili: kwenye daladala ya mjini, na kwenye benchi la fundi wa kompyuta hapa Lisekese, Masasi. Habari ni ileile, ila ukiisoma kwenye benchi la fundi unaanza kuona mahali ilipopinda.

Darasani tunaambiwa mhakiki aulize kazi inasemwa na nani, kwa nani, na nani ameachwa nje ya mazungumzo. Sioni kwa nini swali hilo liishie kwenye riwaya na ushairi. Habari ya kompyuta nayo ni utanzu. Ina mtindo wake, ina wahusika wake wa kudumu, ina mwisho ambao msomaji mzoefu anautabiri akiwa bado aya ya pili. Na watu wanaifuata, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu tamthilia tulizochambua muhula uliopita.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Waandishi wetu wa teknolojia wamefanya kazi ya lugha ambayo sisi wa vyuoni tunaizungumzia tu kwenye semina. Kumweleza mtu tofauti ya ramu na hifadhi kwa Kiswahili kisichochekesha ni kipaji. Neno kishikwambi lilipoanza kuandikwa watu walilicheka sana, mimi nikiwemo. Halafu ikaja sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani wakazunguka navyo mkononi nyumba kwa nyumba, na baada ya sensa vikagawiwa kwa walimu. Leo mwalimu wa hapa Masasi anasema "kishikwambi changu hakishiki chaji" na hakuna anayetabasamu. Neno limeingia kazini. Waandishi wa habari hizi walilibeba tangu lilipokuwa kichekesho, na hilo tuwahesabie.

Tatizo langu nao ni saa wanayoitumia.

Katika habari zao kifaa kina siku mbili tu za maana. Ya kwanza ni siku ya uzinduzi, kwa dola, na picha ya mzungu jukwaani. Ya pili ni siku kampuni inapotangaza kuacha kukihudumia. Katikati ni kimya. Na sisi kifaa kinatufikia ndani ya kimya hicho hicho. Laptopu ya ofisi inatengenezwa mwaka 2012, inafanya kazi miaka minne au mitano kwenye kampuni fulani Ulaya, inauzwa kwa jumla na wenzake mia, inapakiwa kwenye kontena, inapita Dubai au inakuja moja kwa moja, inashuka Kariakoo, inafutwa vumbi, inabandikwa stika mpya ya prosesa, kisha inapanda basi la kusini. Ikifika Lisekese ina miaka sita au saba. Kwetu siku hiyo ndiyo imezaliwa. Hakuna mwandishi anayekuja kuipokea.

Mfano mzuri ni Windows 10. Microsoft waliitoa tarehe 29 Julai 2015, na wakapanga kwamba masasisho yake ya bure ya usalama yakome tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ilipofika huku kwetu ilikuwa sikukuu ya Nyerere, watu wako nyumbani, na habari za msiba huu wa pili zilikuwa zimejaa kwenye simu. Karibu zote nilizosoma kwa Kiswahili wiki ile zilikwenda kwa ngazi tatu. Kwanza tangazo: mwisho umefika. Kisha hofu: wadukuzi, virusi, akaunti ya benki. Mwisho dawa: nunua kompyuta yenye Windows 11.

Hiyo dawa ndiyo ilihitaji mwandishi, na hapo ndipo mwandishi alipoondoka. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha nane au ya kampuni nyingine ya rika hilo, na kitu kinachoitwa TPM 2.0, yaani sehemu ndani ya mashine inayotunza funguo za siri. Prosesa za kizazi cha nane zilianza kutoka mwaka 2017. Maana yake ni kwamba karibu kila laptopu ya mtumba niliyoigusa Masasi, Nachingwea na Newala ilikuwa imefukuzwa mlangoni kabla haijapiga hodi. Hiyo ingeweza kuwa habari yenyewe. Pia kulikuwa na njia ya kuongeza mwaka mmoja wa masasisho, hadi Oktoba 2026, kwa sharti la kuwa na akaunti ya Microsoft: unalipa dola 30, zaidi kidogo ya shilingi 70,000 kwa bei ya dola ya wakati ule, au unakubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwao mtandaoni bila kulipa kitu. Wenzetu wa Ulaya walilalamika kupitia vyama vyao vya watumiaji na wakalegezewa masharti zaidi. Yote haya yalitangazwa hadharani wiki kadhaa kabla. Katika habari za Kiswahili nilizozisoma mimi, nililikuta jambo hili mara moja, kwenye sentensi ya mwisho kabisa, baada ya tangazo la duka.

Mtu atasema mwandishi hana nafasi. Nakumbuka mwaka 2016, nikiwa kidato cha pili, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotangaza kuzima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni. Hicho nacho kilikuwa kifo kilichopangiwa tarehe, tena kilitugusa kuliko hiki. Lakini redio zilikuwa zinarudia kila saa: bonyeza *#06#, chukua namba itakayotokea, itume kwenda 15090, utajibiwa kama simu yako ni halali. Bibi yangu, ambaye hajui kusoma, alilijua zoezi lile kwa kichwa na aliwafanyia majirani. Tangazo la sekunde thelathini lilimwachia msikilizaji kitu cha kufanya kwa kidole chake. Habari ya maneno mia nane kuhusu Windows 10 ilimwachia kitu kimoja tu cha kufanya, nacho ni kutafuta pesa.

Na kuna aliyetafuta. Mama mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo chake aliiweka kwenye banda la steshenari: mashine ya fotokopi, printa moja, na Dell Latitude E6430 ya mwaka 2012 aliyoinunua mwaka 2019. Wanaoijua Lisekese wanajua banda la namna hiyo ni nini. Watoto wa kidato cha nne wanakuja kuangalia matokeo. Wanaoomba mkopo wa elimu ya juu wanajazia fomu pale. Wanaotafuta kazi serikalini wanapakia vyeti pale. Barua ya kuomba shamba, kadi ya mchango wa harusi, ratiba ya mazishi, vyote vinatoka kwenye kompyuta ile moja.

Oktoba ni mwezi ambao huku watu wanaanza kuwaza pesa ya korosho, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Muuzaji mmoja wa kupita, ambaye sina haja ya kumtaja, alimwonyesha mama mdogo habari kwenye simu, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba Windows 10 imefikia mwisho. Akachukua ile Dell kwa shilingi 120,000 na kumwachia laptopu ndogo mpya kabisa, ya kwenye boksi, kwa 580,000. Tofauti, shilingi 460,000, mama mdogo aliikopa kwenye kikoba, akaahidi kuilipa mnada wa korosho ukishapita.

Mimi nilifika Desemba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja wakati mzuri. Hebu iangalie hii, inanichosha roho."

Nilikaa nayo siku mbili, na kwa kuwa hakuna aliyeandika uhakiki wake kwa Kiswahili, nauandika hapa. Ndani ina prosesa ya Celeron N4020, ramu ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ya aina inayochomelewa kwenye bodi. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2019, kwa hiyo Windows 11 inaipokea kwa mikono miwili. Vigezo vya chini kabisa vya Windows 11 ni ramu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na mashine hii imevifikia vyote viwili na kuishia pale pale. Ni kama mwanafunzi aliyepata alama ya kufaulu kamili bila nusu ya ziada. Windows yenyewe, Word, na masasisho ya miezi miwili vilikuwa vimekula hifadhi mpaka zikabaki GB chache, na kila siku ilikuwa inaleta ujumbe kwamba nafasi imeisha. Ramu haiongezeki, imechomelewa. Hifadhi haibadilishwi, imechomelewa. Ukifungua kivinjari chenye kurasa tatu na faili la vyeti vilivyoskaniwa, kishale kinasimama, mteja anaangalia saa yake.

Ile Dell iliyokwenda ilikuwa na Core i5-3320M. Ina viini viwili kama hii mpya, lakini kila kimoja kinabeba kazi mbili kwa wakati mmoja, inakwenda kasi ya 2.6 GHz bila kusukumwa, na inakula umeme mara nyingi zaidi, ndiyo maana feni yake inavuma kama kipupwe. Ramu yake unaifikia kwa bisibisi. Hadidiski unaivuta ubavuni ukishafungua parafujo chache, unaweka SSD, na mashine inaamka kwa nusu dakika. Betri yake unaitoa kwa vidole viwili. Kwa kazi za steshenari ile ya 2012 inaiacha mbali hii ya kwenye boksi. Lakini ukizipima kwa saa ya habari zetu, moja ni mzima na nyingine ni marehemu.

Nilimuuliza: "Mama, ile ya zamani ilikuwa na tatizo gani?"

"Haikuwa na tatizo. Ilikuwa imekufa."

"Nani alikwambia imekufa?"

"Iliandikwa, baba. Si ninyi mnaosoma?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Muuzaji hakuhitaji kutunga uongo wowote. Aliikuta sentensi imeshaandikwa na mtu mwenye jina zuri mtandaoni, yeye akaibeba tu kwenye mkoba pamoja na boksi. Tukiwafundisha watu kuiamini lugha yao kama lugha ya maarifa, na ndiyo kazi tunayodai kuifanya, basi wataiamini. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili alikiamini Kiswahili, na kikamgharimu shilingi 460,000 za kikoba.

Turudi kwenye hofu, ile ngazi ya pili, maana nayo inafaa kuchunguzwa. Nilimsomea fundi habari moja kwa sauti akiwa anachomelea soketi ya chaja. Aliposikia kwamba Windows 10 haitapata tena masasisho, aliweka chini chuma cha kuchomelea.

"Ilikuwa inayapata lini?"

Alikuwa anasema kweli. Windows za huku nyingi ni za kuchakachua, na jambo la kwanza analoliomba mteja baada ya kuwekewa ni kuzimiwa masasisho, kwa sababu yanakula bando. Mtu ameweka GB 2 za wiki kwa ajili ya kuombea wateja mikopo, anarudi kutoka kula anakuta zimekwisha na mashine inazunguka ikimwambia asizime. Kwa hiyo fundi anayazima siku ileile. Ule mwisho uliotangazwa kwa kishindo Oktoba 2025 ulishatokea kwenye benchi lake, kwa kila mashine, siku ilipozaliwa. Hilo halimaanishi hatari haipo. Lina maana kwamba mwandishi ametuelekeza kuiangalia dirishani wakati imeshakaa sebuleni. Imo kwenye flashi inayotoka shule moja kwenda nyingine na virusi vya shotikati. Imo kwenye kivinjari cha steshenari kilichohifadhi nywila za kila mtoto aliyewahi kuomba mkopo pale, majina yao yakiwa yamepangwa vizuri kwa alfabeti. Nimeona mteja akiandika herufi moja tu ya jina lake na akaunti ya mwenzake ikafunguka. Kwa hilo hutahitaji mdukuzi wa Urusi. Onyo la kufuta nywila kila mteja anapoondoka lingechukua aya moja, na lingefanya kazi kwenye Windows yoyote.

Kuna tarehe nyingine ambayo kwa steshenari ni nzito kuliko ile ya Nyerere, na ilipita kimya. Mwanzoni mwa 2023 Google waliacha kutoa Chrome mpya kwa Windows 7 na 8.1, toleo la 109 likawa la mwisho. Mashine haifi siku Microsoft wanaposema. Inakufa siku ukurasa wa maombi unapokataa kufunguka kwa sababu kivinjari kimezeeka, mwombaji amesimama nyuma yako, na dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku. Firefox waliendelea kuwapa watu wa Windows 7 toleo lao maalumu kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Huo ni ujuzi wa kuokoa mashine, bila senti moja, na mimi niliupata kwa fundi.

Wapo watakaonijibu: hamieni Linux. Nalijua jibu hilo, nimelitoa mwenyewe kwenye vijiwe vingi. Kwa upande wetu lina hata historia. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Uswidi ya IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu ya ofisi iliyokuwa ya Kiswahili na ya bure, ndani ya mradi uliojulikana kama Kilinux. Tafakari hilo: zaidi ya miaka ishirini iliyopita mtu angeweza kuandika barua Masasi kwa kubonyeza maneno ya Kiswahili, bila kuchakachua kitu cha mtu. Sijawahi kuikuta kwenye mashine yoyote huku. Mwezi huo wa Desemba tuliweka Linux Mint kwenye laptopu moja ya umri wa ile Dell, na iliruka. Halafu akaja mteja na faili la Word lenye jedwali la bajeti ya kikundi, tukalifungua, mistari ikahama.

"Hapo sasa," fundi akasema, "jedwali likichapwa limepinda, analipa nani, wewe au mimi?"

Tungeweza kulinyoosha, na tulilinyoosha, kwa dakika kumi na tano. Steshenari inauza dakika. Anayependekeza Linux kwa Kiswahili aanze na hizo dakika kumi na tano, aeleze fonti zipi ziwekwe ili jedwali lisihame, aache kutuhubiria uhuru. Uhuru tunaupenda, mteja ndiye hana muda.

Nisionekane kama mtu anayechukia vitu vipya. Tangazo la kwanza la GTA VI lilipotoka Desemba 2023 nililiangalia zaidi ya mara ishirini, na lilipoahirishwa hadi Mei 2026, kisha hadi tarehe 19 Novemba 2026, niliumia kama timu yangu imetolewa. Kuota ni haki ya msomaji. Ninachoshangaa ni kwamba kila kuahirishwa kwake kumeandikwa kwa Kiswahili kwa makini ya kisheria, wakati mchezo unaochezwa Tanzania kila jioni hauna hata mwandishi mmoja.

Nazungumzia PlayStation 2. Ilitoka Japani Machi 2000, na Sony wakaacha kuitengeneza karibu na mwanzo wa 2013. FIFA 14 na PES 2014 ndizo zilizokuwa za mwisho za soka kutolewa kwa ajili yake. Kwa saa ya habari zetu hiyo ni maiti ya zamani. Nenda banda lolote la gemu Masasi saa kumi jioni. Utaikuta, imewekwa juu ya kreti la soda, feni inaelekezwa kwake kuliko kwa watu, na vijana sita wanasubiri zamu. Ndani inacheza PES iliyopachikwa wachezaji wa msimu huu. Kuna mtu, mahali fulani, ambaye kila msimu anakaa na kuingiza majina mapya, nyuso, na jezi, na kwenye baadhi ya diski utakuta Simba na Yanga. Lenzi ya diski ikichoka, na zote zimechoka, fundi anaingiza memori kadi iliyowekewa programu maalumu na gemu inasomwa kutoka kwenye flashi. Mashine iliyoundwa na wahandisi wa Tokyo kusoma DVD inaendelea kuishi Masasi bila DVD.

Ningetoa nini kusoma makala yenye maneno elfu mbili kuhusu mtu anayetengeneza hizo jezi! Anapata wapi picha? Analipwa na nani? Aliwezaje kuandika jina la beki wa Namungo wakati mchezo wenyewe ulibuniwa kabla Namungo haijafika Ligi Kuu? Hiyo ni habari ya gemu, ya programu na ya fasihi pia, ukitaka, maana ni kazi ya mtu aliyekataa hadithi iishie pale mtunzi wa kwanza alipoishia. Badala yake tunapewa tafsiri ya taarifa ya wanahisa wa kampuni ya New York.

Najua pia waandishi hawa wanaishi kwa matangazo, na anayetangaza ni muuza vitu vipya. Mwenye banda la gemu hawezi kununua tangazo. Sina jibu la hilo. Lakini hata ndani ya biashara hiyo upepo umegeuka, na wangeweza kuugundua. Mwezi uleule wa Desemba 2025, wakati mama mdogo anaipigapiga laptopu yake ubavuni, kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuuza ramu na diski za jina la Crucial kwa wanunuzi wa kawaida, ili nguvu iende kwenye vituo vya data vya akili unde. Ramu mpya zilikuwa zinapanda bei duniani kote. Ile wiki ilikuwa ya kumwambia msomaji wa Kiswahili: mashine yako ya zamani yenye ramu inayochomoka, usiiuze. Niliisoma habari hiyo kwa Kiswahili. Ilieleza vizuri sana athari zake kwa watu wanaojiundia kompyuta za gemu Marekani.

Uhakiki bora wa kompyuta niliousoma huku umo kwenye daftari la mistari la kurasa 96 ambalo fundi hulitunza chini ya droo ya parafujo. Ameligawa kwa modeli. Kila mashine anayoifungua anaandika mwezi, imetoka wapi, ina umri gani, na nini kimekufa. Hakuna nyota tano wala alama kumi. Kuna vitu kama: modeli hii bawaba ya kushoto hupasuka mwaka wa pili ukifungulia kona, hii chaja ya modeli nyingine inaiingia lakini betri haitajaa, hii usimuuzie mtu wa shamba, vumbi la salfa linakaa kwenye feni na huwezi kulifikia bila kutoa bodi. Kwenye ukurasa wa E6430 ameandika kibodi, amechora mshale, halafu: herufi A na N hufa kwanza. Nilimuuliza kwa nini hizo. Akaniangalia kama mtu aliyechelewa kufika darasani.

"Kwa Kiswahili," akasema, "kuna neno gani lisilo na A?"

Nilimwomba nilipige picha daftari zima nilichape. Alisema nichape, ila nisiweke bei zake, na nianze na zile modeli ambazo watu bado wanaletewa kutoka Kariakoo. Tumeanza na hiyo Dell. Mama mdogo anaitafuta; amesikia iko Nanyumbu kwa mtu anayeiuza 300,000.